Pikapu ya Mkwe

Shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, ni fundi wa makochi, na mtaani wanamwita Mama Sponji. Hajawahi kulikataa jina hilo, ila nimeona kwamba anayemwita hivyo wakati ameleta kochi hutajiwa bei ya juu kidogo. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu kilichopakana na kinyozi. Nje ana kibaraza cha saruji ambapo makochi yaliyovuliwa vitambaa hukaa kama wagonjwa waliovua mashati kumngoja daktari. Na mimi hukaa hapo hapo. Magoti yangu hayaniruhusu mambo mengi siku hizi, kwa hiyo kazi yangu ni kunyoosha misumari iliyong'olewa ili itumike tena, na kuongea.

Nikitaka kumweleza mwanamke huyu ni mtu wa namna gani, naona njia fupi ni kusimulia alivyotaka kununua pikapu.

Ni mtu wa kushuku. Si mkali, hapana. Ana sauti ya chini na anacheka vizuri. Lakini akinunua mayai atalitikisa kila moja karibu na sikio, na muuzaji akisema ni ya leo, atauliza ni leo ya nani. Alipokuja kuolewa nyumbani kwetu, alimuuliza mama yetu mbele ya watu kama mume wake anakoroma. Mama akasema hata kidogo. Basi akanigeukia mimi, niliyelala na mdogo wangu chumba kimoja tangu utoto, akaniuliza swali lile lile. Nikasema anakoroma. Watu walicheka, mama alininunia siku kadhaa, lakini tangu hapo Shemeji ananiamini kidogo. Hicho kidogo kwake ni kingi. Sijaona mtu aliyepewa zaidi.

Na ukiijua kazi yake humlaumu. Kochi linaletwa na kitambaa kizuri, maua makubwa, vifungo vinang'aa. Analifungua, anakuta ndani magunia, maboksi yaliyokunjwa, mara moja alikuta kiota cha panya na panya wenyewe wamo. "Kitambaa kipya kinanitia wasiwasi," husema. "Cha zamani angalau kimeshasema yote."

Sasa kwa nini pikapu. Miaka yote alikuwa anakodi gari la kubebea makochi, na wenye magari walikuwa wanamtesa. Dereva anapakia kochi la mtu, njiani anaona mwenye magunia ya mkaa, anampakia naye. Kochi jeupe la mama mmoja mkunga lilifika kwake na mistari kama punda milia, na Shemeji akalifua upya kwa mikono yake bila malipo. Halafu mwenye ukumbi wa mikutano akamwambia atampa viti vyake vyote, awe anavishona na kuvitengeneza mwaka mzima, kwa sharti moja, avifuate na kuvirudisha yeye mwenyewe, kwa gari lake. Hiyo ni kazi ya kumtoa mtu kwenye kushona kochi moja moja. Akaanza kutafuta pikapu iliyotumika, akiwa na akiba aliyoiweka tangu mumewe alipofariki. Hakuna nyingine nyuma yake. Ikipotelea kwenye gari bovu, imekwenda, na kazi ya ukumbi imekwenda nayo.

Aliangalia magari mengi. Kila muuzaji alikuwa na mama mgonjwa, au anahama, au gari lilikuwa la daktari. "Hawa madaktari wananunua magari mangapi," aliniuliza, "na wagonjwa wanawatibu saa ngapi?"

Ndipo mkwe akaja.

Mkwe wetu ni muuza mabati, mume wa binti yake wa pekee. Kijana mtaratibu, shati limenyooka, salamu zake ndefu. Alisimama kibarazani, akakataa kiti, akasema, "Mama, kwa nini uhangaike na watu wa nje? Chukua pikapu yangu. Mimi nataka gari dogo la familia. Tutaelewana bei ya nyumbani."

"Asante, baba," Shemeji akasema. "Mungu akubariki. Nitakuja niione."

"Hata usije, Mama. Nitakuletea."

"Nitakuja."

Alipoondoka, Shemeji alirudi kwenye cherehani akashona mshono mzima, mrefu. Kisha akasimamisha gurudumu kwa mkono.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa nini mtu aniuzie kitu kizuri kwa bei ya chini?"

"Kwa sababu ni mkweo."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikaona amebanwa, na wewe msomaji ungemwonea huruma. Gari la mgeni unalizunguka, unaligonga, unalala chini yake, unamwambia mwenyewe usoni kwamba anadanganya, na jioni mmesahauliana. Gari la mkwe unalikaguaje? Ukiinama tu kuchungulia chini, umeshamwambia mume wa mwanao kwamba ni tapeli. Neno hilo linafika chumbani kwao kabla yako, na anayelala nalo ni binti yako. Na usipoinama, unatoa akiba yote kwa kuona haya.

"Wewe ulikuwa mpakizi wa malori," akaniambia. "Unayajua magari."

"Nayajua upande wa nyuma. Mbele walikaa madereva."

"Inatosha. Twende wote. Mtu mzima ukichungulia chungulia watasema ni uzee."

Sikuipenda sana sababu hiyo, lakini nilikung'uta vumbi kofia yangu, tukaenda.

Tulimwambia mkwe tutafika baada ya chai. Tukafika kabla hawajaiweka jikoni. Shemeji alikuwa amenieleza njiani kwamba gari hukaguliwa likiwa limelala, injini baridi, uone linavyoamka. Likishapashwa moto hata bovu huitika. Pikapu ilikuwa uani, nyeupe, imeoshwa, kwa kweli inapendeza. Binti alitoka jikoni na mtoto kiunoni, akatuamkia, akashangaa tumewahi. Shemeji akamjibu huku ameegemea gari kama mtu aliyechoka kutembea, kiganja juu ya boneti. Kiganja kikakaa pale. Nami nikaweka changu. Vuguvugu.

Mkwe akatoka akifunga vifungo vya shati. "Mama, karibu. Baba Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Ulitoka na gari asubuhi?"

"Hapana. Nililipasha moto kidogo tu, msije mkasubiri."

"Umefanya vizuri, baba," Shemeji akasema, akanitazama. Nilijua mtazamo ule. Hivyo ndivyo anavyotazama vifungo vinavyong'aa.

Akamwomba mkwe ufunguo, ati anataka kuushika aone unavyokaa mkononi, mkwe akacheka akampa. Mimi nikaangusha kofia. Iliviringika vizuri kuliko nilivyotarajia, ikaingia chini kabisa. Nikalala chali, magoti yakilalamika, nikatazama juu. Chuma chote cha chini kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi mbichi, hata mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili anapaka, juu ya nati, juu ya nyaya. Rangi ya chini inaficha kutu na viraka vya kuchomelea, hilo hata sisi wa nyuma tulilijua. Nikakwaruza kwa msumari, maana mifuko yangu haikosi msumari. Hakukuwa na kutu wala kiraka. Kulikuwa na matope makavu, laini kama unga, na rangi imepita juu yake. Matope yalikuwa hadi kwenye pembe za ndani ambako gurudumu halirushi. Nikajiuliza yalipandaje huko, nisipate jibu. Springi za nyuma nilizihesabu, ziko sawa pande zote, hakuna jani la chuma lililoongezwa ili zihimili mzigo, kwa hiyo halikubebeshwa mawe. Tairi zimelika sawasawa.

"Baba Mkubwa," mkwe akainama, "unatafuta nini?"

"Kofia."

"Si hiyo kichwani?"

"Ndiyo. Nimeipata."

Nilipotoka walikuwa wamefungua boneti. Injini ilikuwa safi kama sufuria ya bibi harusi. Shemeji alikuwa amevuta kijiti cha oili akisema, "Hiki nacho ni cha nini, baba?" kana kwamba hajui, akinusa. Alifungua mfuniko wa oili akaangalia upande wa chini, maana maji yakiingia kwenye oili pale panaganda utando kama maziwa. Hapakuwa na utando. Akampa mkwe ufunguo, akaliwasha. Likaitika mara moja. Moshi haukuwa wa buluu wala mzito. Mimi nilianza kulipenda, sitaficha.

Ila Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa ndani, anaangalia pedali. Kwenye dashibodi namba za kilomita zilikuwa chache, gari changa kabisa, lakini raba ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana.

"Pedali imechoka hii," akasema taratibu.

"Ni mke wangu, Mama. Anakanyaga sana."

"Mimi?" Binti alikuwa dirishani. "Si ulinikataza hata kuligusa?"

"Natania," mkwe akasema, na akacheka peke yake.

Shemeji hakucheka. Alizima injini, akachomoa ufunguo akabaki nao, akazunguka, akafungua mlango wa pili, akapanda akaketi. Viti vilikuwa vya kitambaa cha kijivu, vipya, vimevutwa vizuri bila kunyanzi. Akatulia. Mkono wake ukashuka ubavuni mwa kiti, ukapita chini, ukaenda polepole, ukasimama. Nilimwona usoni. Nimemwona mwanamke huyu akizika mume, sikumwona na uso ule.

"Naomba maji ya kunywa," akasema. "Hapana, mwanangu, usilete. Nitakwenda mwenyewe bombani. Shemeji, nishike mkono."

Bomba lilikuwa nyuma ya nyumba. Alilifungua maji yakapiga kelele kwenye ndoo, akasema bila kunitazama, "Kiti kile nimekishona mimi."

"Kipi?"

"Vyote viwili. Baada ya mvua zile kubwa, mto ulipoingia mtaa wa chini. Jamaa wa gereji aliniletea viti kwa mkokoteni, bila gari. Sponji ilikuwa imejaa maji, ukiibonyeza inatoa tope. Springi za ndani zina udongo. Nikatia sponji mpya, kitambaa kipya. Uzi mweusi uliniishia, nikamalizia chini kwa uzi wa kijani. Upo pale pale."

Nikayakumbuka matope yaliyopakwa rangi, nikaelewa yalipandaje.

"Gari hilo lilizama, Shemeji," akasema. "Lilikaa majini hadi juu ya viti. Nyaya zote zilikunywa. Nilijua siku ile kwamba ni viti vya gari lililozama. Sikuuliza ni la nani. Kazi ni kazi."

"Basi tuseme hatulitaki, twende zetu."

"Gari sina shida nalo, nimeshaliacha." Akafunga bomba. "Nataka kujua kama yeye anajua. Kama alinunua bila kujua, ni mjinga, na ujinga mwanangu anaweza kuishi nao. Kama anajua na bado anamuuzia mama mkwe, basi huyo aliye ndani na mwanangu ni nani?"

Tukarudi uani taratibu, mimi nikiwaza atamuulizaje. Ukimuuliza mtu kama anakudanganya, atasema hapana, awe anadanganya au hadanganyi.

Hakumuuliza. Alisema, "Baba, gari nimelipenda."

Mkwe akashusha pumzi. "Nilikwambia, Mama."

"Na dereva sitaajiri, wanaharibu vitu. Mwanangu anajua kuendesha, atakuwa ananiendeshea siku za kupeleka viti. Tumeshaongea." Hawakuwa wameongea hata kidogo. Binti akafungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. "Mtoto atakaa katikati yetu. Sasa nataka aliendeshe nimwone. Panda, mama. Na mtoto. Mshuke ule mteremko hadi barabara kubwa, mrudi."

Binti akapanda kwa furaha, maana alikuwa amelitamani gari lile. Akamweka mtoto kando yake. Mtoto akaanza kupiga dashibodi kwa viganja. Shemeji alisimama dirishani, ufunguo mkononi, na nikaona hautoi upesi; alikuwa anausugua kwenye kanga kana kwamba una vumbi. Nami nikajua kwamba hautautoka mkono ule hata dunia ipinduke. Lakini mkwe hakujua.

Alisimama na tabasamu lake. Tabasamu likabaki, mtu akaondoka. Alitazama mteremko, akamtazama mtoto.

"Leo mafuta ni kidogo," akasema.

"Ni hapo tu, baba."

"Na breki... mtu asiyelizoea..."

"Si ndiyo alizoee?" Akaunyoosha mkono wenye ufunguo, nusu.

"Shuka," mkwe akamwambia mkewe. Aliisema kwa sauti ya chini, halafu akazunguka mbio, akafungua mlango akamchukua mtoto kifuani. "Shuka, nakwambia. Shuka."

"Kuna nini?" Binti akauliza. "Mama, ana nini huyu?"

Hapo ndipo Shemeji alinishangaza. Alikuwa amempata, na mwanawe anashuhudia, na angeweza kusema lolote. Akasema, "Mumeo ameona betri inachemka. Hebu katutengenezee ile chai, mwanangu. Mwache mtoto akae na baba yake." Binti akatutazama mmoja mmoja, kama mama yake atazamavyo, akaenda. Hakuamini, nadhani. Lakini alienda.

Mkwe alikaa kwenye ngazi na mtoto mapajani.

"Linazimika," akasema. "Likiwa linatembea. Linazimika lenyewe, usukani unakaza, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Halafu kesho linawaka kama hakikutokea kitu. Mafundi wote wamelishindwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue. Nilipigwa, Mama. Namba za kilomita wamezirudisha nyuma, najua sasa. Chini wamepaka rangi. Mimi nilifungua mlango nikaona viti vipya, vimeshonwa vizuri hivyo, nikasema mwenye gari hili alikuwa analitunza. Sikuangalia kingine."

Shemeji aliketi kwenye ngazi, si karibu naye sana. Nilimwona anatazama vidole vyake, vile vyenye sugu za sindano.

"Viti hivyo nilivishona mimi," akasema.

Mkwe hakuelewa mwanzoni. Akamweleza yote, mkokoteni, tope, uzi wa kijani. Hakupunguza.

"Kwa hiyo ulijua," mkwe akasema.

"Nilijua ni viti vya mtu. Sikujua ni vya mwanangu."

"Na mimi nilijua ni gari bovu. Nikasema Mama haendi mbali. Makochi tu, hapa hapa mtaani. Nilidhani utaweka dereva."

"Na dereva si mtoto wa mtu?"

Mkwe akamshika mtoto mikono asimvute shati. Chai ikaja. Tukainywa, na kwa kuwa mimi ndiye mzee nikaongea habari za mvua, za bei ya mabati, za lori moja tulilokuwa nalo zamani ambalo honi yake ilikuwa inalia kila likikata kona kushoto. Binti peke yake ndiye aliyecheka.

Tulipokuwa tunatoka, mkwe alitusindikiza hadi nje, akasema atalipeleka kwa mtu mwingine aliyekuwa analiulizia.

"Hulipeleki kwa mtu," Shemeji akasema. "Lifunguliwe, liuzwe vipande, milango, tairi, boneti. Na viti nirudishie. Ile sponji ilikuwa nzuri, na pesa niliyolipwa kwa kazi ile chukua wewe, siitaki kwenye akiba yangu."

"Nitapata hasara, Mama."

"Utapata. Halafu utakuja unisaidie kutafuta nyingine. Wauzaji wenye uso kama huo wako unawajua sasa."

Njiani nilimuuliza: sasa anamwona mkwe ni mtu gani? "Alisema shuka," akasema. "Angenyamaza, leo ningemrudisha mwanangu nyumbani na nguo zake. Alisema shuka, basi abaki naye. Kumwamini ni habari nyingine."

Gari la kijivu lililopatikana baadaye lilikuwa la mwanamke muuza mbegu, na halikuwa limeoshwa. Hilo Shemeji alilipenda tangu mbali. Lilikuwa na mkwaruzo mlangoni ambao mwenyewe aliutaja kabla hajaulizwa, na siti zimechanika, sponji inachungulia, kavu. Tulilikuta baridi kabisa. Liligoma mara ya kwanza, likaitika mara ya pili, na mwenyewe akasema ndivyo lilivyo asubuhi. Mkwe alikuja na shati lake lililonyooka, akatandika gunia chini bila kuambiwa, akaingia chini ya gari hadi vikabaki viatu tu. Tukamsikia anagonga gonga.

"Unaona nini?" Shemeji akauliza akiwa amesimama.

"Kutu kidogo ya kawaida. Hakuna kiraka. Hakuna rangi mpya. Oili inavuja kidogo kwenye gia, si ya kutisha. Liko sawa, Mama."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Shemeji akavua kanga ya mabegani, akanipa nishike.

"Toka basi," akasema, akipiga magoti juu ya gunia. "Toka na mimi nione."